Kipimo cha Bingwa: Mbegha wa Kilindi na Mabondia wa Zama Zetu

Watu wapendao ngumi hawachoki kubishana juu ya jambo moja: katika mabingwa wote waliopata kupanda ulingoni, ni yupi aliye mkubwa kuliko wenzake? Mmoja huhesabu ushindi, mwingine huhesabu mikanda, na wa tatu huapa kwa jina la mtu aliyemwona kwa macho yake mwenyewe zamani za ujana wake. Ubishi huu hudhaniwa kuwa wa barazani tu, usiostahili karatasi ya wanazuoni. Lakini ukichunguzwa vema ni swali la uhakiki, tena la kale. Aulizaye ni nini kimfanyacho bingwa akumbukwe baada ya mikono yake kulegea, huuliza vilevile ni nini kimfanyacho shujaa wa hadithi aishi baada ya msimuliaji wake kufa. Na kwa swali hili lugha ya Kiswahili ina kitabu kilichokwisha kulijibu kwa kina, ijapokuwa hakisemi habari za ngumi hata kidogo. Kitabu hicho ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy.

Kitabu hiki kilichapwa kwa sehemu sehemu na wamisionari wa Msalabani, Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa upya Nairobi mwaka 1962. Wanahistoria wamekisoma kwa ajili ya nasaba na vita vya watawala wa Usambara. Wasomaji wa fasihi wamekisoma kwa uchache zaidi, na hilo ni hasara, maana mwandishi wake alikuwa na jicho la kupima watu. Nchi yake ni nchi ambayo msomaji wa leo aweza kuitembea: milima ya Nguu, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni hata mwaka 2002 ilipoundwa wilaya ya Kilindi, bonde la mto Ruvu uitwao Pangani kwa chini, Mazinde ya Korogwe, kando ya njia ya misafara, na juu yake Vuga, mji wa wafalme. Kati ya Handeni na Korogwe ndipo hadithi ya Mbegha inapovuka kutoka dharau hadi enzi.

Habari ya Mbegha kwa ufupi ni hii. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa mila za siku zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni nuksi. Wazazi wake walimlinda. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi na kumtenga. Akashika uwindaji, yeye na mbwa wake, akawa hodari wa nguruwe mwitu kupita vijana wote wa nchi, na vijana wakamfuata. Lakini mwana wa mkubwa wa Kilindi alifuatana naye mawindoni akauawa na mnyama, na Mbegha ikambidi kukimbia. Akapita nchi baada ya nchi, akiwagawia watu nyama na kupokea kwao vyakula vya shamba; akapokewa Bumbuli; akaoa; akaamua kesi. Watu wa Vuga waliposikia sifa zake walikuja kumchukua, na katika safari ile aliua simba usiku. Akaingia Vuga akiwa na ngozi ya simba, akaitwa Simba Mwene. Jina hilo likawa la wafalme wote waliomfuata.

Msomaji mwenye haraka atasema kuwa simba ndiye aliyemfanya Mbegha kuwa mkubwa. Ndivyo asemavyo pia mpenda ngumi anapotaja pigo moja lililomwangusha mtu mkubwa. Lakini mpangilio wa kitabu hauungi mkono rai hiyo. Simba ni tukio la usiku mmoja. Mashauri ya wazee, adabu za kupokeana, ugawaji wa nyama na maamuzi ya kesi ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa. Tena simba amekuja mwisho wa njia. Watu wa Vuga walikuwa wamekwisha toka kwao kumfuata Mbegha kabla mnyama yule hajauawa. Ushindi ule ulitia muhuri juu ya hati iliyokuwa imekwisha andikwa.

Kipimo cha kwanza, basi, ambacho kitabu hiki kinakikataa, ni hesabu tupu ya ushindi. Mbegha alikuwa hodari wa mawindo tangu alipokuwa Nguu, naye alikuwa hana cheo wala urithi. Umahiri wake haukupungua kule wala kuongezeka Vuga. Kilichobadilika ni kile ambacho umahiri huo uliwafanyia watu. Katika ulingo wa dunia yuko Rocky Marciano wa Marekani, aliyepigana mara 49 bila kushindwa hata mara moja, na yuko Muhammad Ali, aliyepigana mara 61 akashinda 56 na kushindwa 5. Kama hesabu ndiyo hakimu, kesi imekwisha, na Marciano ndiye mkubwa. Lakini wajuzi wengi wa mchezo huo humweka Ali mbele, wala hawafanyi hivyo kwa kutojua hesabu. Wanajua kuwa tarakimu haisemi ni nani aliyesimama upande wa pili.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha pili, nacho ni ukubwa wa adui. Simba wa Mbegha ana kazi katika hadithi kwa kuwa simba ni mkubwa wa porini. Nguruwe mia wasingelifaa mahali pake. Mkoa wa Tanga umeona jambo hili katika zama za leo. Tarehe 8 Septemba 2018, kule Birmingham, Uingereza, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda Sam Eggington katika raundi ya pili, mwamuzi akasimamisha pambano. Eggington alikuwa amepata kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, naye alikuwa nyumbani kwao; Mwakinyo alikuja akiwa mgeni asiyetarajiwa. Usiku ule ulimpandisha juu ya wengi waliokuwa na ushindi mwingi kuliko yeye, na ilikuwa haki. Kadhalika Titus Simba, aliyeiletea Tanzania nishani ya fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970. Katika fainali alishindwa na John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu zaidi. Nishani ile ni ya mtu aliyeshindwa, lakini uzito wake umeongezeka kila adui yule alipozidi kupanda. Ushindi mwingi wa mabondia wengine umepungua uzito kwa sababu iliyo kinyume cha hiyo.

Hata hivyo kipimo cha adui peke yake hakitoshi, na mfano wa John Mugabi wa Uganda unaonyesha kwa nini. Mugabi alipata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Alipoingia katika ngumi za kulipwa, wapinzani wake wote walianguka kabla ya raundi kwisha, hata ikafika tarehe 10 Machi 1986 alipokutana na Marvin Hagler huko Las Vegas. Akapigwa, lakini alisimama mpaka raundi ya 11 akibadilishana makonde na mmoja wa mabingwa wakali kuliko wote wa uzani ule. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1989 kule Ufaransa, Mugabi alitwaa ubingwa wa dunia kutoka kwa René Jacquot. Pambano lilikwisha raundi ya kwanza, maana Jacquot aliteguka kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata Terry Norris akamnyang'anya Mugabi mkanda katika raundi ya kwanza vilevile.

Aulizwe basi mtu yeyote aliyefuata habari za Mugabi: ni pambano lipi lake linalokumbukwa? Watu hawalitaji lile lililompa mkanda. Wanalitaja lile lililomvunja. Hapa daftari la mabingwa na kumbukumbu ya watu vimeachana njia, na kumbukumbu ndiyo yenye akili zaidi. Mkanda ulimjia kwa mguu wa mwingine, bali raundi 11 mbele ya Hagler zilikuwa zake mwenyewe. Ndiyo maana kipimo cha tatu, cha namna mtu anavyochukua kushindwa, hakiwezi kuachwa. Maisha ya Mbegha nayo yanaanza kwa kushindwa mara mbili: kunyimwa haki na ndugu zake, na kuikimbia Kilindi kwa sababu ya kifo ambacho hakukikusudia. Abdallah bin Hemedi hakuyaficha hayo ili kumpamba mfalme wake wa kwanza. Ameyaweka mwanzoni kabisa, maana bila hayo mtu aliyeingia Vuga angekuwa mwindaji mwenye bahati tu. Naye Ali, aliyevuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, akashindwa na Joe Frazier mwaka 1971, alihitaji miaka ile ya giza ili usiku wa Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane, uwe na maana ulio nayo.

Lakini yote matatu, ushindi na adui na kushindwa, bado ni mambo ya mtu binafsi. Kitabu cha Wakilindi kinakwenda mbele zaidi, na hapa ndipo mafunzo yake yalipo mazito. Wasambaa wana maneno mawili juu ya nguvu ya mtawala, ambayo mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza kwa urefu katika utafiti wake. Nguvu yaweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Nayo yaweza kubana shi, yaani kuiharibu. Na kuna hali ya tatu iitwayo nguvu kwa nguvu, ambapo wenye uwezo wanashindana pasipo mmoja kuwashinda wenzake kabisa. Hapo mvua hukosekana na njaa huingia. Kwa fikira hizi ushindi wa mtu mmoja si jambo la fahari yake tu. Nchi inauhitaji, lakini inauhitaji kwa sharti: kwamba mshindi, akiisha kushinda, nguvu zake ziwarudie watu. Mbegha alitoa nyama, akapokea vyakula vya shamba. Mwenye mkuki aliwapa wenye jembe kile wasichokuwa nacho, na ufalme ukasimama juu ya mapatano hayo.

Kinyume chake kimo katika kitabu kilekile. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde penye biashara na bunduki, alimfukuza mrithi Shekulwavu kutoka Vuga. Kwa hesabu ya ushindi Semboja alikuwa bingwa. Alimshinda mwenye kiti, alikuwa na silaha bora, alijua kufanya mapatano na wageni. Lakini ushindi wake ulifungua miaka ya vita na utumwa; Wabondei wakaondoa utawala wa Wakilindi kwao, na watu wakauzwa pwani. Nguvu ilipambana na nguvu, na nchi ikabanwa. Msomaji akifika mwisho wa habari hizo anaona kuwa mwandishi amemweka Semboja na Mbegha katika mizani moja bila ya kutamka neno mizani.

Ulingo wa ngumi wa leo nao una nguvu kwa nguvu yake. Katika uzani mmoja mashirika manne makubwa yanatoa kila moja bingwa wake wa dunia, na nyuma ya hayo yako mengine madogo yasiyo na idadi ya kukumbukwa. Rashid Matumla, mmoja wa mabondia mashuhuri wa Tanzania, alishika mkanda wa dunia wa shirika mojawapo la hayo madogo. Ushujaa wake haupungui kwa hilo, lakini mkanda wenyewe haukuweza kumwambia mtu wa mbali jinsi alivyokuwa. Wafalme wanapokuwa wanne katika kiti kimoja, jina la mfalme hupungua thamani. Hii ndiyo sababu mabondia wa kale wanaonekana wakubwa hata kwa wale wasiopata kuwaona. Joe Louis, aliyeutetea ubingwa wake mara 25 kati ya mwaka 1937 na 1949, alikuwa mmoja peke yake, na kila aliyetaka kiti ilimpasa kupita mbele yake.

Huenda mtu akapinga akisema: bondia si mfalme. Anapigana kwa ujira, naye hakuahidi kumponya mtu yeyote. Kwa nini adaiwe mvua? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Ni kweli kuwa wema wa tabia si sehemu ya umahiri wa ngumi, na wako mabingwa wakubwa waliokuwa watu wagumu majumbani mwao. Lakini kipimo cha Wakilindi hakidai wema. Mbegha mwenyewe hakusifiwa kwa utakatifu. Kinachoulizwa ni kama kazi ya bingwa imeongeza kitu katika mikono ya wengine. Robert Wangila wa Kenya aliposhinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, kijana wa Afrika Mashariki aliyefunga vitambaa mikononi siku ya pili yake hakuwa tena kijana yuleyule wa jana. Lililoonekana kuwa la watu wengine lilikuwa limekuwa lake. Hiyo ni nyama iliyogawanywa. Wangila alifariki mwaka 1994, siku chache baada ya pambano huko Las Vegas, na hakuna mkanda mkubwa wa dunia uliobaki kwa jina lake. Lakini alichokigawa hakikurudi porini.

Wala ukubwa wa namna hii haumpi mtu ruhusa ya kila jambo. Mwaka 1980 Ali alitumwa na Rais Carter kuja Dar es Salaam kuitaka Tanzania isuse Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Bingwa aliyekuwa amependwa Afrika nzima kwa kukataa kutumwa vitani na serikali yake alikuja safari hii akiwa mjumbe wa serikali hiyohiyo, na nchi ilijua kutofautisha mtu na ujumbe. Hilo halikumwondoa Ali mahali pake katika ngumi. Lilionyesha tu kuwa sifa hutoka kwa watu na kuwa watu wanaweza kuizuia.

Limebaki neno la mwisho, nalo ni la shahidi. Wako wanaosema kuwa ukubwa wote ni kazi ya msimuliaji: mwenye magazeti na sinema ndiye anayekuwa wa zama zote, na asiye nazo anasahauliwa hata angeua simba kumi. Katika maneno haya mna ukweli wenye uchungu. Titus Simba ana mistari michache katika daftari za michezo, ilhali John Conteh ana maisha yote yaliyoandikwa. Walikuwa katika ulingo mmoja, siku moja. Bila Abdallah bin Hemedi, Mbegha naye angalikuwa jina katika matambiko na masimulizi ya wazee, lisilojulikana nje ya milima yake.

Lakini kitabu chenyewe kinaweka mpaka wa hoja hiyo. Abdallah bin Hemedi alikaa Mazinde katika utumishi wa Semboja. Alimjua, alikula kwake, aliona vita vyake. Mbegha alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia kabla yake, na mwandishi hakuwa na la kupata kwake. Kama msimuliaji ndiye afanyaye ukubwa kwa kupenda kwake, basi Semboja, aliyekuwa na mwandishi nyumbani mwake, ndiye angalitoka mkubwa kuliko wote. Haikuwa hivyo. Mwandishi alimpa Semboja kurasa, akampa Mbegha heshima. Shahidi ni wa lazima, maana bila yeye hakuna kinachofika kwa wajukuu. Lakini hawezi kutia mezani nyama ambayo mwindaji hakuileta.

Kwa kipimo hiki Mwakinyo hawezi kupewa daraja la zama zote kwa sababu ya Birmingham peke yake, wala hawezi kuvuliwa usiku ule kwa sababu alishindwa na Liam Smith huko Liverpool mwaka 2022. Mtu ana simba mmoja. Yatakayosemwa juu ya ngozi yake yategemea njia nzima. Mugabi ana nafasi kubwa kuliko mkanda wake. Titus Simba anastahili mwandishi. Na hapo pana kazi kwa wanafunzi wa fasihi wa Handeni, Korogwe na Tanga, ambao nchi yao imekwisha toa mfano wa namna ya kuifanya. Wazee waliowaona mabondia wa miaka ya 1960 na 1970 wanapungua. Abdallah bin Hemedi alikusanya habari za Wakilindi wakati waliozijua walikuwa bado hai, akaandika ushindi na aibu pamoja, akamwachia msomaji kupima. Mabondia wa Tanzania hawajapata mtu wa kuwafanyia hivyo, na mpaka apatikane, ubishi wa barazani utaendelea kuhukumu kwa mikanda.